Kabla ya Mashine Kulikuwa na Mdomo

Wacha tuongee kuhusu makamasi. Kama unasoma hii ukikula, pole, weka sahani kando ama rudi baadaye, mimi niko tu.

Kama ulilelewa Kenya, kijijini ama kwa ploti ya mtaa, hii umeiona. Mtoto wa miezi mitatu ana mafua, pua imeziba kabisa, hawezi kunyonya titi juu akifunga mdomo hana pahali pa kupitishia pumzi. Mamake anamlaza mapajani, anaweka mdomo wake juu ya ile pua ndogo, ananyonya, anatema kwa kitambaa. Mara mbili, mara tatu. Mtoto analia, halafu ananyonya titi, halafu analala. Hakuna anayepiga makofi na hakuna anayechukua video.

Siku hizi mtu akiweka hiyo kitu TikTok anatukanwa hadi anafuta. Ati uchafu, ati ushamba. Na wakati huo huo kuna kifaa kilichotoka Uswidi kinauzwa dunia nzima: upande mmoja wa mrija unawekwa kwa pua ya mtoto, upande wa pili mama ananyonya kwa mdomo, katikati kuna kichujio kidogo cha kuzuia makamasi yasipite. Wazazi wa Marekani wanakinunua na kushukuru. Ni mdomo uleule wa mama, umepewa umbali kidogo, kichujio na bei. Sisemi urudie ile ya zamani, mdomo wa mtu mzima una wadudu wake na pua ya mtoto ina wake. Nasema tu kwamba wale tunaowacheka walikuwa wanajua shida iko wapi.

Nimekuwa nikisoma historia ya vifaa vya kunyonya njia ya hewa kwa miezi kadhaa sasa, na nilianza nikidhani ni hadithi ya kupanda ngazi: chini mdomo wa nyanya, juu mashine ya stima yenye taa ya kijani. Sivyo. Watu walienda mbele, wakatupa kitu kizuri, wakakiokota tena miaka hamsini baadaye na kukipa jina jipya. Na kila pahali ambapo watu wengi waliokolewa, swali lilikuwa moja: nani ameketi karibu na mgonjwa, na ana nini mkononi kinachofanya kazi sasa hivi?

Fizikia kidogo, ya Form One, usikimbie. Ukinywa soda na mrija, wewe huivuti ile soda. Unapunguza hewa iliyo ndani ya mrija, na hewa ya nje, ambayo ina uzito, inaisukuma soda juu hadi mdomoni. Kunyonya ni kutengeneza nafasi tupu na kuachia dunia isukume. Hiyo nafasi tupu ndiyo tunaita ombwe. Otto von Guericke, meya wa Magdeburg huko Ujerumani, ndiye alitengeneza pampu ya ombwe karibu mwaka wa 1650. Aliunganisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, akatoa hewa ndani, akafunga farasi huku na huku wavute. Farasi wakashindwa kuyatenganisha. Huyo mzee alijua kushika watu macho kuliko sisi wote wenye simu.

Hapa kuna kitu nilipenda. Mombasa, kando ya bahari, hewa inasukuma kwa nguvu ya milimita 760 za zebaki. Nairobi, juu karibu mita 1,700, ni kama 620 pekee. Kwa hivyo mashine kali kuliko zote duniani haiwezi kunyonya Nairobi kwa nguvu inayoweza kufika Mombasa. Haina neno kwa mgonjwa, juu mtoto mchanga hafai kunyonywa kwa zaidi ya 100, na mtu mzima si mbali sana na hapo. Lakini inafurahisha kujua kwamba hata ombwe linajua uko wapi.

Madaktari walichukua zaidi ya miaka mia mbili kuitumia vizuri hiyo akili. Mwaka wa 1869, Paris, Georges Dieulafoy alitengeneza sirinji kubwa yenye vali. Unafunga vali, unavuta bomba nyuma hadi ndani kuwe na ombwe, unachomeka sindano kwa kifua kilichojaa maji, unafungua, na maji yanakuja yenyewe. Mwenzake Pierre Potain akaongeza chupa na pampu, ili maji yaingie kwa chupa badala ya kujaa kwa sirinji. Angalia mashine yoyote ya kunyonya makohozi kwa wadi leo: pampu, mrija, chupa. Bado ni chupa ya Potain, ila imepata mota na waya wa stima. Weka pia ile sirinji ya Dieulafoy akilini, nitairudia.

Hizo zilikuwa za kifua. Kwa koo la mtoto aliyezaliwa sasa hivi, daktari wa miaka hiyo alitumia kile mama wa kijijini alitumia.

Chicago, mwaka wa 1895, daktari kijana anaitwa Joseph DeLee alifungua kliniki ya uzazi mtaa wa Maxwell Street, mtaa wa wahamiaji maskini. Wanawake walizalia nyumbani, na madaktari wake walienda huko na mkoba. Mtoto akizaliwa amejaa ute kooni, ungefanya nini kwa chumba kisicho na chochote? Kifaa kinachobeba jina la DeLee mpaka leo ni rahisi hadi kinachekesha: kichupa kidogo chenye mirija miwili. Mmoja unaingia kooni kwa mtoto, mwingine unaingia mdomoni mwa daktari. Daktari ananyonya, ute unaanguka kwa kichupa, haumfikii. Kinaitwa mtego wa DeLee. Kumbuka huyu ndiye yule daktari ambaye baadaye alisukuma sana wazo kwamba kuzaa ni kazi ya hospitali na vyombo, na pia alitengeneza filamu za kufundisha uzazi wakati filamu zilikuwa kitu kipya. Mtengeneza kontenti kabla yetu. Lakini kifaa chake kilichosafiri mbali zaidi ni kile kilichotegemea pumzi ya mtu.

Kilisafiri hadi Ukimwi ulipokuja. Kenya iligundua mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi mwaka wa 1984. Ghafla ule mrija mdomoni mwa mkunga, ukiwa karibu hivyo na damu na maji ya uzazi, ukawa kitu cha kuogopesha, na katika miaka hiyo ya 1980 hospitali za nchi nyingi zikaanza kuuweka kando. Kilichobaki kwa wengi ni mbili: mashine ya stima kwa hospitali kubwa, na kipira kwa wengine wote. Kipira unakijua, kile cha rangi kinauzwa kwa kemisti, unakibana, unaweka ncha kwa pua, unaachilia. Shida yake ni moja na ni mbaya. Huwezi kuona ndani. Ulichonyonya jana kinakaa humo, kwenye giza na unyevu, na uvundo unaota. Ukitumia kwa mtoto mmoja wako nyumbani na ukitupe, sawa. Kwa zahanati inayozalisha akina mama kumi na kipira ni kimoja, hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa twende Copenhagen, na hapa nitakaa kidogo, juu hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Mwaka wa 1952 polio iliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, kwa nguvu ambayo haikuwa imeonekana. Hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam ilipokea zaidi ya wagonjwa 2,700 kwa muda wa nusu mwaka. Ilikuwa na mashine moja ya chuma ya kupumulia, lile pipa ambalo mgonjwa anaingizwa mwili wote kichwa kikibaki nje, na sita ndogo za kufunga kifuani. Katika wiki tatu za kwanza wagonjwa 31 waliokuwa wameshindwa kupumua waliwekwa kwa hizo mashine. Walikufa 27.

Shida si kwamba mashine zilikuwa chache tu. Polio ya aina hiyo ilikuwa inalaza misuli ya kumeza. Mate yanakusanyika kooni, makohozi yanakusanyika, mtu hawezi kumeza na hawezi kukohoa. Pipa la chuma linapandisha kifua na kukishusha kwa uaminifu kabisa, na kila pumzi inavuta yale mate ndani ya mapafu. Mtu anazama akiwa kitandani, shuka ikiwa kavu. Na madaktari wakubwa waliamini kwamba virusi vimeshambulia ubongo na hakuna la kufanya.

Mkubwa wa hapo, Lassen, alikubali kumwita mtu wa idara nyingine: Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupumulia watu waliolazwa usingizi kwa upasuaji, kwa kubana mfuko wa mpira. Alitazama maiti na vipimo akasema hawa watu hawauawi na ubongo, wanauawa na hewa chafu isiyotoka. Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 ambaye alikuwa anakufa. Tundu likatobolewa shingoni, mrija wenye puto dogo ukaingizwa ili mate yasipite pembeni, makohozi yakanyonywa. Mwanzoni ilienda vibaya. Msichana alikuwa anapigana, kifua kimekaza, hewa haiingii, na inasemekana baadhi ya madaktari waliokuja kutazama walitoka chumbani. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Kifua kikalegea. Akanyonya, akabana mfuko, na hewa ikaingia. Yule msichana aliishi.

Na sasa hesabu. Una mgonjwa anayehitaji mfuko kubanwa kila sekunde chache, usiku na mchana, wiki kwa wiki, na una makumi ya wagonjwa kama huyo kwa wakati mmoja. Hakuna mashine. Kwa hivyo waliita wanafunzi, wa udaktari na wa meno, karibu 1,500 walipita hapo kwa zamu. Watoto wa umri wangu. Wanakaa kando ya kitanda wakibana mpira kwa mkono, wakimwangalia mgonjwa usoni. Ukibana na mfuko ukawa mgumu ghafla, makohozi yameziba. Simama, nyonya, endelea. Wengine walikuwa wanawasomea vitabu wagonjwa wao huku mkono ukibana. Kati ya wale walioshindwa kupumua, vifo vilishuka kutoka karibu tisa kwa kila kumi hadi chini ya nusu, na vikaendelea kushuka. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua wadi yake mwenyewe, na watu wengi wa udaktari wanahesabu hiyo kama ICU ya kwanza.

Ukisikia ICU unafikiria nini? Skrini, milio, bili. Ilianza na mwanafunzi, mfuko wa mpira, na mrija wa kunyonya makohozi.

Wacha niseme kwa nini hii inanigusa, halafu tuendelee. Shosho wangu alipata kiharusi mwanzo wa 2023. Alirudi nyumbani hawezi kumeza vizuri, analishwa kwa mpira wa pua, na mate yanamjaa kooni hadi unasikia sauti kama chungu kinachochemka. Karo yangu ya muhula ikaenda kwa pampasi na kukodi mashine ya kunyonya. Wale mnaoniuliza kila wiki kwa nini niliacha chuo, ndiyo hiyo. Hospitali tuliyotoka, sitaitaja, ilitufundisha kutumia ile mashine kwa muda ambao mtu anavaa viatu. Tukaambiwa "mtazoea". Tuliyojua baadaye tulifundishwa na shangazi yangu, ambaye amefanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwa miaka mingi. Nawa mikono. Mrija unaingia ukiwa haunyonyi, yaani kidole kimeachia kile kitundu. Unaziba kitundu wakati wa kutoka tu. Hesabu moja hadi kumi, usipite kumi na tano, juu unaponyonya makohozi unanyonya pia hewa yake. Mpumzishe. Angalia rangi ya midomo. Suuza mrija kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usichote kwa mtungi.

Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023, stima ilipotea nchi nzima. Nyinyi mnakumbuka juu ya uwanja wa ndege kuwa giza na memu zilizofuata. Mimi nakumbuka mashine ikinyamaza katikati ya kazi. Betri yake ilikuwa imekufa kitambo, na mwenye kukodisha hakuwa ametuambia. Shangazi hakusema neno. Alichukua ile sirinji kubwa ya kulishia, akaiosha, akachomeka mrija wa kunyonya kwa ncha yake, akaingiza polepole, akavuta bomba nyuma. Kidogo kikatoka. Akamwaga kwa kikombe, akarudia. Mimi nilikuwa nashika tochi ya simu. Tulifanya hivyo hadi karibu asubuhi. Kazi ambayo mashine inamaliza kwa pumzi moja ilituchukua dakika nyingi, lakini koo lilikuwa wazi. Ni baadaye sana nikasoma kuhusu Dieulafoy wa 1869 na nikatambua ile sirinji.

Shosho alikaa nasi miezi mingine saba. Tuendelee.

Sehemu inayofuata haipendwi na watu wanaouza vifaa. Kwa miaka mingi udaktari ulinyonya watoto ambao hawakuhitaji kunyonywa. Mtoto anazaliwa, analia vizuri, bado anaingiziwa mrija kwa mdomo na pua kama desturi, kama kupiga muhuri. Mwaka wa 1971 madaktari wawili Marekani, Cordero na Hon, walionyesha kwamba kuingiza mrija ndani ya pua na koo la kichanga kunaweza kufanya moyo wake upige polepole ghafla na pumzi kusimama. Desturi haikuisha. Na mtoto aliyejisaidia akiwa bado tumboni, yale maji yakiwa ya kijani, ilikuwa sheria kabisa: anyonywe kichwa kikitoka tu, kabla hata mabega hayajatoka. Mwaka wa 2004 utafiti mkubwa, uliofanywa zaidi katika hospitali za Argentina na kuhusisha watoto zaidi ya 2,500, ulilinganisha walionyonywa hivyo na ambao hawakunyonywa. Hakukuwa na tofauti. Sheria ikafutwa. Mwaka wa 2012 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: mtoto ambaye maji yake ni safi na ameanza kupumua mwenyewe, asinyonywe.

Halafu 2013, Alabama, watafiti wakagawa watoto karibu 500: nusu wananyonywa kwa kipira, nusu wanapanguswa mdomo na pua kwa taulo. Matokeo yakawa sawa.

Taulo! Mkunga wa kijijini mwenye kitambaa safi kidoleni, yule tuliambiwa ni wa enzi za giza, alikuwa anafanya kitu ambacho jarida la Lancet lilikuja kuchapisha kuwa kinatosha kwa mtoto anayepumua. Si kwamba wakunga wa kienyeji walikuwa sawa kwa kila kitu, msinilishe maneno. Akina mama walitokwa damu hadi kufa mikononi mwa watu wazuri. Lakini kwa hili moja, kitambaa kilipaswa kuheshimiwa mapema.

Kuna mtoto mwingine lakini, yule ambaye hapumui na koo limeziba kweli. Huyo taulo halimtoshi, na huyo ana dakika moja. Wanaiita dakika ya dhahabu. Mwaka wa 2010 madaktari wa watoto wa Marekani na washirika wao walizindua mafunzo ya siku moja kwa wakunga na manesi wa nchi kama zetu, na majirani zetu Tanzania wakawa kati ya wa kwanza kuyajaribu kwa ukubwa, hospitali nane. Mpangilio ni huu: mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa kama imeziba, na asipopumua mpe hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika haijaisha. Matokeo yalichapishwa 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Na kilichoongezeka zaidi ya vyote katika kazi ya wakunga ni ule mgongo kusuguliwa. Kunyonya kuliongezeka kidogo tu, na watoto waliohitaji mfuko wakapungua.

Kifaa cha kunyonya kilichokwenda na mafunzo hayo kilitengenezwa na Laerdal ya Stavanger, Norwe, kampuni ambayo zamani ilikuwa ya vitabu vya watoto na midoli. Ni kipira cha silikoni chenye umbo la ndege pengwini, unakiona ndani, na kinafunguka. Unakifungua kama kopo, unakiosha na sabuni, unakichemsha kwa sufuria, kesho kinafanya kazi tena. Hakuna waya wala mota. Yaani baada ya mitego, mashine na miaka mia moja na kitu, wataalamu walikaa chini wakatengeneza kipira cha kemisti, ila kinachooshwa ndani. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mkubwa wa historia hii yote, na hakuna gavana atakata utepe juu yake.

Kukata utepe ndiyo shida yetu. Mwaka wa 2015 serikali ilianza ule mradi wa kukodisha mashine za hospitali kwa kaunti zote 47, mabilioni ya shilingi. Figo, eksirei, vyumba vya upasuaji, ICU. Kuna watu walisaidika, nisiwe mwongo. Lakini Seneti ilipochunguza, ilikuta mashine zingine zimelala, pahali pengine hakuna stima ya kutosha, pengine hakuna maji, pengine hakuna mtu aliyesomea kuzitumia. Sasa niambie, dispensari yenye nesi mmoja wa zamu ya usiku na genereta isiyo na mafuta, unaisaidia kwa mashine ya aina gani?

Jibu lilishapatikana zamani, Denmaki hiyohiyo. Baada ya ile polio, daktari Henning Ruben na Holger Hesse wa kampuni ya Ambu walitengeneza mfuko wa kupumulia unaojijaza wenyewe, ule kila nesi Kenya anaujua kwa jina la kampuni. Kampuni hiyo ikatengeneza pia pampu ya kunyonya ya kukanyaga kwa mguu. Unakanyaga kama unajaza upepo gurudumu la baiskeli, mikono yote miwili inabaki kwa mgonjwa. Haijui stima imepotea. Kifaa kama hicho kingefaa kuwa kwa kila chumba cha kuzalia nchi hii, juu ya meza na si ndani ya stoo, na kila anayepangwa zamu aguse kabla ya zamu kuanza. Na kabla mgonjwa kama shosho aruhusiwe kwenda nyumbani, yule atakayemtunza anyonye makohozi mara tatu nesi akiwa amesimama hapo akitazama. Hii haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtu aache kusema "mtazoea".

Kitu cha mwisho, juu mmekuwa mkiniuliza. Mwaka jana kuna muuzaji alinitafuta nitangaze vile vifaa vya kunyonya kitu kilichomkwama mtu kooni. Umeviona, kinyago kwa uso, unasukuma, unavuta, nyama inatoka, muziki wa huzuni unachezwa. Doh ilikuwa nzuri. Nilikataa baada ya kusoma. Aprili 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaambia watu wazi kwamba mtu akikabwa waanze na njia zilizozoeleka za huduma ya kwanza, juu kutafuta kifaa, kukifungua na kukipanga kunaweza kula zile dakika chache anazo. Njia zenyewe ni za mikono. Piga mgongo kati ya mabega mara tano kwa kisigino cha kiganja. Haijatoka, simama nyuma yake, kumbatia, bana tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano, ile Henry Heimlich aliandika 1974. Rudia zamu hadi kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo kamwe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mgongo mara tano, mgeuze, sukuma katikati ya kifua mara tano. Akizimia, anza kumsukuma kifua na mtu apige simu. Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha hii kwa siku moja.

Badala ya tangazo nilitengeneza video ya hayo, nikitumia mdoli wa binamu yangu ambao hauna mkono mmoja. Imetazamwa na watu wachache kuliko ile yangu ya mandazi yaliyokataa kufura. Iko hapo juu, nimeibandika ya kwanza.